Kikohozi Mlangoni

Alhamisi sinema ya Kutaisi huuza tiketi nusu bei,
na sisi wanne, kama kawaida, tulikaa safu ya sita,
penye kile kiti ambacho springi yake imechomoza
na Zurabi hukikalia makusudi, asije akasinzia.
Alisinzia.

Tulipotoka mvua ilikuwa imeanza, ile mvua ya Machi
isiyonyesha wala kuacha.
Tukakimbilia kwa Guliko mwokaji,
ambaye tanuri lake la udongo halipoi hadi usiku wa manane.
Tukavunja mkate wa moto kwa mikono,
tukaivunja na filamu.

"Ndefu," akasema Zurabi. "Mtu anarudi kuuza nyumba ya baba yake.
Nikafumba macho, nikafumbua, bado hajaiuza."
Nanuli akamrushia kipande cha mkate:
"Wewe umetazama filamu ya kope zako!"
Yeye alikuwa amelia penye birika.
Si pale mama alipozikwa, hapana;
birika lilipochemka na hakuna aliyeinuka kulizima.
"Dakika nzima! Nilitaka kuingia mle ndani nikalizime mwenyewe."

Tamta, ambaye hushona makoti, hakusamehe koti:
"Miaka ile vifungo vile havikuwapo.
Ukinidanganya kwenye kifungo,
machozi yako nitayaaminije?"
Hata Guliko, ambaye hakuiona,
ambaye hajakanyaga sinema tangu alipofiwa na mkewe,
alikuwa na lake: "Nyumba haiuzwi na mtu mmoja."
Tukamcheka. Halafu tukaacha kucheka.

"Na wewe, Lamara? Leo umemeza ulimi?"
Nikasema nzuri.
Nzuri! Neno la mtu asiyetaka
kufungua mkoba wake mbele za watu.

Kwani ningesemaje?
Kwamba yumo mzee mmoja, sekunde nne tu,
hata jina lake sikuliona kwenye orodha ya mwisho,
anayekohoa mara mbili kabla ya kufungua mlango wake mwenyewe,
kana kwamba anaiomba nyumba radhi kwa kuchelewa.
Mara mbili. Kikavu, kisha cha chini.
Kikohozi kile nimekisikia miaka na miaka
nikiwa upande wa ndani wa mlango,
nikificha sigara, nikificha barua,
nikimficha kaka yangu Vazha aliyerudi na jicho limevimba.
Wenzangu walitazama filamu.
Mimi nilikuwa nimegeuka, natazama mlango wa sinema.

Nilifika nyumbani nikakuta simu inaita.
Vazha, kutoka Batumi, ambaye hapigi ila pana deni.
"Umeiona ile filamu ya nyumba?"
"Ndiyo kwanza natoka."
Kimya. Nikasikia lifti ya jengo lake ikipanda, ikishuka.
"Umesikia?"
"Nimesikia."
"Mara mbili."
"Mara mbili."
Hatukuongeza neno. Lingemwagika.

Kisha akakiri: alitoka palepale,
akaacha bisi na kofia kitini,
akatembea hadi kituo cha basi, na basi likampita.
"Hebu niambie, mwisho wake? Waliiuza?"

Waliiuza. Karibu na mwisho kabisa,
kwa bwana mwenye simu mbili ambaye hakuvua hata viatu.
Fedha zilihesabiwa juu ya meza ileile ya birika.
Na juu ya meza yangu, chini ya bakuli la zabibu kavu,
karatasi ya wakili imelala tangu Januari
ikingoja sahihi mbili, yake na yangu.

"Hawakuiuza," nikasema.
"Kweli?"
"Yule mwana anabaki jikoni. Anainuka, anazima birika."
Akavuta pumzi, akaishusha polepole
kama anayeweka chini ndoo iliyojaa.
"Basi ni nzuri," akasema.
"Nzuri," nikasema. "Ila lile koti
wamelikosea vifungo."