Daftari la Ufuo wa Usenge

Mimi ni karani wa mizani, kazi yangu kilo.
Mbuta akivuliwa karibu na mpaka, simu hainyamazi:
ni wetu, wanasema ng'ambo;
ni wetu, wanasema Kisumu;
mara askari, mara faini, injini ya watu inazuiliwa wiki mbili
kwa ajili ya samaki mmoja aliyevusha mkia mstari
ambao hata yeye hakuuona.

Leo alfajiri mashua ya Obuya imeleta watu kumi na tisa.
Kawaokota majini, wameng'ang'ania mitungi mitupu ya mafuta.

Nikapiga simu.
Ng'ambo: aliyewaokoa ni Mkenya, basi ni wenu.
Kisumu: chombo chao kilizama upande gani? Subiri barua.
Nairobi: lipo shirika, lina fomu.
Shirika: tunafungua Jumatatu.

Leo Jumamosi.

Akeyo ameshusha sufuria ya uji, hakuuliza upande.
Mama mmoja anaanika cheti cha kuzaliwa juu ya wavu wa omena,
anakinyoosha kwa vidole, polepole,
kama anayekanda mgonjwa.
Mwanawe kapanda mizani yangu:
kilo kumi na moja na nusu.
Akacheka mshale ulipotikisika.

Daftari lina safu nne:
chombo, tarehe, uzito, mwenye mzigo.
Tatu nimejaza.
Ya nne imenikodolea macho mpaka chai ikapoa.

Obuya, tambara mkononi, anapanguza injini.
"Kwani," kaniuliza bila kugeuka,
"wangekuwa mbuta, ungeandika ni wa nani?"