Leja ya Stoo

Mimi ndiye niliyetia sahihi.
Tarehe tisa Februari, safu ya Vilivyopokelewa:
madumu sita, lita ishirini ishirini,
rangi ya samawati, kizibo chekundu,
harufu ya ndimu
isiyopata kuwa na mbegu.
Maandishi ya ubavuni yalikuwa madogo kama mayai ya chawa.
Nilisoma bei.

Skolastika Ntakije alichukua dumu la kwanza asubuhi ileile.
Aliweka jina lake, herufi ya mwisho ikachungulia nje ya mstari,
akapanda nalo ngazi za bweni la wavulana.
Saa nne vyoo viling'aa.
Mkuu wa shule akapita, pua juu:
"Sasa ndiyo panaanza kunukia shule."

Leja yangu haina safu ya kikohozi.
Haina pa kuandika: glavu, hakuna;
dirisha, limepigiliwa misumari tangu magodoro yalipoibwa;
vidole vya Skolastika, kumi,
ngozi ikibanduka kama ganda la kitunguu.

Ikafika Jumanne ya maandalizi ya ukaguzi.
Aliambiwa sinki ziwe nyeupe kuliko jana,
akachanganya cha samawati na cha kwenye chupa nyeupe.
Nani alimwambia hivi viwili havikutani?
Si mimi. Nilikuwa nahesabu chaki.

Walimtoa yeye na Mfaume wa Kidato cha Pili,
mwenye pumu, aliyekuwa na zamu ya ndoo.
Tuliwalaza nyasini, macho yakiwatiririka,
kifua cha mtoto kikipiga mluzi
kama birika lililosahauliwa jikoni.

Wiki mbili baadaye alirudi kazini
na kitu kimefungwa kwa jani la mgomba:
gwanji, bonge jeusi lisilo na umbo,
mawese na majivu ya maganda ya ndizi,
kama lilivyopikwa kwao Kasulu.
Mfukoni magadi. Chumvi ya Uvinza kwa madoa ya kutu.
Ndimu tatu, zenye mbegu.
Akavipanga juu ya leja yangu.
"Hivi," akasema, "navisoma bila miwani."

Tulianza na patasi: misumari ya dirisha.
Kisha maji. Kisha sabuni kidogo.
Kisha kusugua, na kungoja,
na kungoja ndiko kulikotushinda mwanzoni,
maana muda hauuzwi kwa lita.
Wavulana walinung'unika juu ya migongo yao.
Sakafu haikung'aa kama kioo.
Iling'aa kama sakafu.

Mkaguzi alikuja Juni, akasimama mlangoni,
akavuta hewa mara mbili
kama mtu anayetafuta funguo gizani.
"Mbona hapanukii usafi?"
Nilikuwa na jibu refu. Mfaume akanitangulia,
ndoo mkononi, adabu zote:
"Shikamoo. Usafi hauna harufu, mheshimiwa."

Ningependa kuishia hapo.
Lakini madumu manne yamo bado stoo, nyuma ya majembe,
na hakuna anayejua pa kuyamwaga:
mfereji wetu unateremka mpaka ufukweni Ujiji,
wanakoanikwa dagaa,
na dagaa hao ndio mboga yetu ya Jumatano.
Kila mwisho wa mwezi nayahesabu. Manne.

Na Skolastika, akipanda ngazi,
husimama ya saba, hushika ukuta, hukohoa,
huendelea.
Nimepekua kabati zima la fomu.
Ipo ya kurudisha vitabu. Ipo ya kurudisha jembe,
hata lililovunjika mpini.
Ya mapafu sikuiona.

Nimechora safu mpya kwa rula, pembeni kabisa.
Sijaipa kichwa.
Naandika humo tarehe tu,
kila ninapomsikia.