Daftari la Kijumbe

Mimi ndiye kijumbe. Tuko kumi na wawili,
riale hamsini kila mmoja, kila tarehe tano,
baada ya alasiri, hapa Ibra,
chini ya kiyoyozi kinachokohoa.
Tunahesabu kwa Kiswahili, tunagombana kwa Kiarabu,
na tukicheka hatujui tumecheka kwa lugha gani.

Zamu ya Februari ilikuwa yangu.
Nilishaipangia kazi: mapazia ya sebuleni
na bangili moja, si nzito,
ya kuonekana tu nikimimina kahawa.

Ndipo akaja Hajir wa Bi Muzna,
miaka ishirini na mitatu, grisi kwenye kucha,
anasukuma kiti cha magurudumu kitupu
kama aliyemleta mgeni asiyeonekana.
Akakipindua palepale, juu ya zulia langu.
"Tazameni. Jua la Julai linayeyusha mpira.
Vumbi linaingia kwenye beringi.
Kiti cha msaada huja na utepe na mpiga picha,
mwaka haujaisha kiko uani, kuku wanatagia.
Na mwenye kiti yuko chumbani, anahesabu nyufa za dari."

Alitaka spana, kompresa, kibanda cha kukodi
na mishahara ya wawili:
Yaqdhan, asiyetembea tangu ajali ya barabara ya Sur,
na Wijdan, kiziwi,
anayesikia beringi mbovu kwa ncha za vidole.

Benki walimpa chai, wakamuuliza dhamana.
Ofisi ya vijana ikampa begi, cheti,
na semina ya siku tatu ya kuota ndoto kubwa.
"Ndoto ninazo," alisema. "Sina kompresa."

Bi Ghalya alicheka hadi akamwaga kahawa.
Bi Zuwena hakucheka.
"Mkono mtupu haulambwi, mwanangu. Utaturudishiaje?"
Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne:
mwenye uwezo riale nane, asiyenacho mbili,
shule na zahanati kumi na tano,
na hao wa kumi na tano ndio watakaowabeba wa mbili.
Nikaisoma. Nikairudia.
Hesabu ilikuwa sawa.
Nilitamani isiwe.

Niseme kweli? Sikutoa kwa wema.
Nilitoa kwa sababu macho ya watu kumi na mmoja
yalikuwa usoni pangu,
na hakuna pazia la kuyazuia hayo.

Machi alileta sitini. Aprili, sitini.
Mei, arubaini na moja, na sauti chini:
viti vitatu ametengeneza,
wenyewe hawakuwa hata na zile mbili.
Hapo tukaingia Kiarabu.
"Hii biashara au sadaka?" Zuwena akapiga meza.
"Na wewe," akasema Ghalya, "ukimsamehe jirani
bei ya samli, unafunga duka?"
Zuwena akanyamaza, jambo ambalo
sijaliona tangu harusi ya mwanawe.

Daftari langu lina safu mbili:
aliyelipa, asiyelipa.
Nikachukua rula, nikapiga mstari wa tatu,
taratibu, wino usichuruzike.
Sikuupa jina. Mpaka leo hauna.

Sasa ni Novemba. Tunamdai mia na thelathini na tisa.
Kompresa inanguruma hadi usiku, majirani wameshalalamika.
Yaqdhan ameomba nyongeza ya mshahara
naye Hajir amemkatalia, wamenuniana wiki nzima,
kisha wakaletewa viti kumi na vinne kutoka Bidiya
wakakosa nafasi ya kununa.

Jumatano iliyopita, soko la wanawake,
bibi mmoja kitini alinikanyaga kidole cha mguu
akikimbilia udi kabla haujapanda bei.
Hakuniomba radhi. Hakugeuka.
Nilisikiliza gurudumu likiondoka:
halikulia hata kidogo.

Nikarudi nyumbani nachechemea, nimekasirika,
mapazia yangu yaleyale ya zamani,
nikafungua daftari
nikatafuta safu ya kukiandika kidole changu.