Nyingine (Taja)

Kishikwambi kilikuwa na chaji asilimia sitini na moja
nilipobisha mlango wa sita, laini ya tatu, Kambi Saba,
njia ya Pangani, ukishaipita korona iliyokufa.
Veneranda Ntahondi. Umri? "Andika hamsini,
ukikosea si utarudi?"

Nikasoma kama nilivyofundishwa siku nne pale Chumbageni:
kaya ni watu wanaokula chungu kimoja.
Akaacha kuchambua mchicha.
"Na siku chungu kisipoinjikwa
tunakuwa nani?"

Kishikwambi hakina pa kuweka swali.
Kina pa kuweka paa: bati, makuti, nyinginezo.
Kina pa kuweka godoro, redio, baiskeli,
na baiskeli ipo, haina mnyororo,
imegeuzwa kichanja cha kuanikia nguo.
Nikatia moja. Baiskeli ni baiskeli, alisema mkufunzi.

Swali la arobaini na mbili:
je, katika miezi kumi na miwili iliyopita
umealikwa kwenye shughuli yoyote ya majirani?

"Ndiyo. Mara tano.
Huja kijana na pikipiki kutoka kijijini: waite wa kambini.
Tunasugua masufuria mpaka mwezi unahama.
Ubwabwa tunafungiwa kwenye mfuko, tukalie kwetu.
Mkekani sijakaa, na jina langu hawalijui.
Alipofariki mume wangu, chama cha kuzikana
kilisema daftari limejaa.
Daftari, mwanangu, la kurasa mia mbili."

Nikabonyeza Ndiyo,
maana ndilo alilolisema,
nikaruhusiwa kwenda la arobaini na tatu.

Kipande cha babu yake alinionesha bila kuulizwa,
kimekunjwa ndani ya mfuko wa chumvi:
siku thelathini, alama thelathini,
na mahali pa kwao karani kaandika Buha
kwa wino uliovuja.
"Huko sijafika. Nikifika wataniuliza natoka wapi.
Hapa nilizaliwa, wananiuliza natoka wapi.
Haya, nawe uliza."

Machaguo manne, la tano Nyingine (taja),
herufi thelathini, nafasi zikihesabiwa.
Nikaandika nikafuta. Nikaandika nikafuta.
"Andika hapa," akasema,
akigonga sakafu kwa kisigino.
Herufi nne.

Kisha yeye: "Unalipwa kwa mwezi?"
Kwa dodoso, nikajibu.
"Kumbe kama babu. Yeye kwa fungu."
Akacheka hadi akakohoa,
akanifungia mchicha.

Mwezi wa tisa, ukumbi wa Raskazone,
sambusa, maji ya chupa,
na ukutani nguzo ndefu ya kijani:
ushirikishwaji katika jamii, kambi za mkonge, wa kuridhisha.
Ofisa wa mkoa aliitikia kwa kichwa, akiandika.
Mimi ndani ya kijani kile
nilimwona mtu anasugua masizi.
Mkono wangu ulibaki juu ya paja.

Maana jioni ile ile ya Kambi Saba
msimamizi wangu, Mwanaidi Shekue, alinipigia:
dodoso la dakika arobaini limechukuaje saa mbili?
Eleza kwenye maoni.
Niliandika: mhojiwa alikuwa na maswali.
Akarudisha: Futa. Weka mvua.

Nikaweka mvua.
Mchicha niliuchemsha usiku ule,
chungu kimoja,
mimi peke yangu.