Lipu ya Gede

Kiongozi wetu, Baya, anatembea akitaja:
huu msikiti, lile kasri, hapa alizikwa fulani.
Wanafunzi wanaandika. Kima ameshaiba
chapati ya mwalimu.

Mimi nimemleta Mbeyu tu,
lakini jicho la mwashi haliwaoni masultani.
Linaona kona.
Natoa timazi mfukoni, sijui kwa nini nilikuja nayo,
naiacha ining'inie ukutani.
Wima. Miaka yote hiyo, wima!
Ile nyumba ya Maweni niliyoimaliza Februari
imeshapasuka juu ya dirisha,
na mwenyewe bado ameshikilia salio langu.

"Baba, walikwenda wapi?"
Baya anasema labda maji, labda vita, labda maradhi,
kama mtu anayesoma madeni ya wengine.
Nachungulia kisima:
majani makavu, chupa moja ya soda.

Halafu, katika chumba kisicho na kibao,
chini ya kidaka, pasipopigwa picha,
chokaa ina michirizi minne.
Vidole, vilipita ikiwa bado mbichi.
Haraka haraka. Jua limeshuka,
mchanga umekwisha, tajiri kasimama mlangoni.
Jina lake silijui.
Mkono naujua: wa kushoto, kama wangu.

Naweka vyangu pale. Vinaenea.

"Baba! Wamesema tusiguse."

Naondoa mkono.
Unga mweupe umebaki kwenye ncha,
mdogo, kama malipo ya awali.
Sikunawa mpaka Malindi.