Mavi ya Chuma

Tulikuwa tunachimba shimo la choo,
mimi na shemeji yangu Bugingo, hapa Kahunda,
hatua mia mbili kutoka ziwani,
sururu ikagota.
Si jiwe, akasema Bugingo. Jiwe halilii hivi.
Akaibua bonge jeusi, zito,
lenye vitundu kama mkate ulioungua,
kisha lingine, na lingine,
hadi lundo likatufika magotini.

Nikampelekea mnunuzi wa chuma chakavu pale mwaloni.
Alilipima kwa kiganja tu, mizani hakuigusa.
"Mama, haya ni mavi ya chuma.
Chuma chenyewe kilishaondoka zamani."

Kilikwenda wapi?

Bibi yangu Nyanzobe hakuwa mtu wa hadithi.
Alikuwa mtu wa hesabu:
nani alitoa nini, nani bado anadaiwa.
Alisema babu wa babu yake alilimia jembe la mti,
mpingo uliochongwa ukakaushwa juu ya moshi,
na jembe la mti lina adabu mbele ya udongo:
linakuna kichanga cha mlimani,
likishuka mbugani, kwenye ule mweusi
unaonata kama ugali wa jana,
linavunjika,
na mwenye nalo anarudi nyumbani na mpini.
Mtama wake ulifika mwezi wa kwanza.
Baada ya hapo, mizizi.

Ndipo wakaja Warongo na mivuo yao.
Kichuguu kikabomolewa, kikafinyangwa tanuri,
ngozi za mbuzi zikapumua usiku kucha.
Wafua chuma hawakulala na wake zao siku hizo,
na jembe la kwanza, pamoja na mwiko wote ule,
lilitoka bovu. Walilirudisha motoni wakitukana.
La pili lilikuwa na umbo la jani la kiazi.
La tatu likavuka ziwa.

Jembe moja, mbuzi jike.
Majembe mawili, pakacha la chumvi
iliyobebwa kichwani siku kumi na mbili kutoka Eyasi.
Majembe sita, posa imepokelewa.
Yapo majembe, alisema bibi, yaliyozeeka
bila kuonja udongo,
yakipita ua hadi ua, mahari kwa mahari,
yaking'aa kama mabwana harusi.

Mengine yalilima. Mbuga ikafunguka.
Kihenge kimoja kikawa vitatu,
na Mkerewe aliyekuja na samaki wakavu
akaanza kuja mara mbili kwa msimu.
Aliyejua kusuka vihenge tu, bila shamba, akala akashiba.
Jambo hilo halikuwahi kutokea.

Hapo nilikuwa natabasamu, na bibi akanikata jicho.
Mbona huulizi nani alikamata mpini?
Mama aliyekuwa akirudi jua la utosi
sasa alirudi na popo,
maana jembe halichoki, na mbuga haina ukingo.
Na Lugembe, mwenye majembe kumi na moja,
hakulima tena. Aliazimisha.
Wakamrudishia jembe limepungua, na kihenge kimejaa.
Na makaa je? Kuanzia hapa mpaka kilimani
hukuona mti wa kufungia kamba ya mbuzi.

Alipofariki tuligawana vitu vyake.
Mimi nilipata jembe la mama yake,
lililolika likabaki upana wa kijiko cha pauni.
Nililishika kwa muda mrefu siku tuliyochimba choo,
bonge mkono huu, kijiko mkono ule,
ndipo nikaelewa jibu la swali langu.
Hakikuibwa. Hakikuuzwa mbali.
Kimeliwa na udongo, chembe kwa chembe,
palizi kwa palizi, na sisi tukaula udongo huo
tukiuita mtama.

Mabonge mengi Bugingo aliyajengea msingi wa choo.
Mawili niliyabakiza.
Naegemezea kona za wavu ninapoanika dagaa.
Upepo wa ziwa ukija jioni, unavuta,
unavuta tena.
Wavu hautoki.