Figa la Tatu

Walinituma na pimamaji na buku la kurasa mia
nipande hadi Wairani, mita elfu nne na ushei, huko Andes,
niseme kwa nini kijito kiliwahama
kikahamia Kolpapata, ng'ambo ya mgongo wa mlima.

Kesi ilikuwa na miaka kumi na tisa.
Wairani walikwisha kuuza alpaka, kisha mabati,
kisha kengele ya kanisa, iliyoshuka bondeni kwa lori
ikilia yenyewe kila penye shimo.
Kolpapata walilima alfalfa, wakanenepa, wakajenga shule;
na mwalimu aliyeletwa shuleni
akatoroka na mke wa Hilario Kcama,
na Hilario akaingia migodini, asirudi.
Nani angeliyaona hayo ndani ya maji?

Mawakili walilaumu mgodi. Padri alilaumu dhambi.

Siku ya tatu nikafika chemchemini.
Maji hutoka pale membamba kama uzi,
yakasita kidogo,
kama mgeni asiyejua abishe mlango upi.
Hatua mbili kando: mafiga matatu, meusi kwa masizi.
Mawili ya mwamba wa juu, makali, yenye pembe.
La tatu laini, la mviringo, jiwe la majini.
Shimo lake bado lipo, ukingo wa upande wa Kolpapata,
upana wa kiganja changu.

"Nililing'oa mimi," akasema Saturnina, mchunga alpaka,
akipuliza moto wa samadi.
"Chungu kilikuwa kinayumba. Mtoto analia njaa.
Mwaka ule wa theluji nyingi."
Akanimiminia supu ya viazi.
Chumvi ilizidi. Nikainywa yote.

Nilifikiri kulirudisha. Mkono ulikwisha kunyooka.
Lakini maji yamejichimbia njia ndefu kuliko umri wa kesi,
kengele imeyeyushwa,
Hilario hajaandika hata barua,
na chungu kilikuwa bado motoni.

Usiku, hemani, vidole vikiwa ganzi,
nikafungua buku penye neno Chanzo.
Nikamwona Saturnina mbele ya hakimu, na vijiji viwili nyuma yake.
Nikaandika: ukame.

Herufi tano tu.
Wino haujakauka
nikasikia, huko chini gizani,
kitu kikianza kuteremka.